Plagini za kuzuia matangazo: zinaharakisha simu au ndizo zinazoigandisha? Kigoma na Tabora njooni tujadili

#1 Kijana wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Hoja yangu ni hii: kwa mwenye simu ya RAM ndogo (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi), plagini ya kuzuia matangazo, yaani kijiprogramu unachoongeza ndani ya brauza, inasaidia kuliko kubadili laini au kununua bando kubwa. Nabishana na jamaa wawili hapa Mwanga. Mmoja anasema plagini ni mzigo mwingine juu ya simu iliyokwishachoka. Mwingine hasikii lolote, kwake tatizo ni mnara tu.

Mimi nina steshonari. Wazazi na wanafunzi wanakuja kuangalia matokeo, kujaza fomu za mkopo, kuomba kazi. Kompyuta ni moja, kwa hiyo foleni ikirefuka natumia simu, Android ya RAM GB 2. Nimeweka brauza ya Firefox na kizuia matangazo cha uBlock Origin, na kurasa za magazeti na blogu zinafunguka chapu, tofauti unaiona kwa macho. Baadaye nikaongeza plagini nyingine: ya kugeuza kurasa ziwe nyeusi, ya kutafsiri na ya kushusha video. Hapo simu ikaanza kupata moto. Na nikitoka kwenye fomu kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye meseji, nikirudi nakuta fomu imeanza upya.

Hilo la fomu ndilo linaloniuma. Mzazi katoka Kalinzi asubuhi, kajaza kila kitu, anarudi sifuri na gari la kurudi linamsubiri.

Kosa ni la plagini, la RAM au la mtandao wa huku kwetu? Na nyie mnatumia brauza gani?

#2 Asali ya Sikonge

Nakaa siti ya mbele. Huku Tabora ni yaleyale.

#3 Fundi Gungu

Fomu kuanza upya siyo mtandao kabisa, ni RAM. Android ikiona kumbukumbu inakaribia kujaa inafunga kilichoko nyuma ili kilichoko mbele kiendelee. Ukienda kwenye meseji, brauza inabaki nyuma, na kwa kuwa yenyewe ndiyo yenye mzigo mkubwa, inafungwa. Ukirudi inapakia ukurasa toka mwanzo, na ulichoandika hakipo.

Sasa tazama ulichobebesha. Kizuia matangazo kina orodha ya sheria makumi ya maelfu, na inakaa kwenye RAM muda wote brauza iko wazi. Hiyo ya weusi inapita kwenye kila kipande cha ukurasa na kukipaka rangi upya, na ukurasa ukibadilika kidogo inapita tena. Moto unaousikia mkononi ni prosesa inayofanya kazi hiyo. Iondoe leo hiihii. Ya kushusha video nayo inasikiliza kila kinachopita, iondoe.

Na namba ya uthibitisho isomee kwenye arifa inayoshuka juu ya kioo. Usiifungue meseji.

#4 Mzee wa Reli

Vijana mnazunguka mbuyu. Ni mtandao.

Mimi niko Kibirizi. Kuna saa simu inasoma 4G, ukishuka ufukweni inasoma H (3G), ukiingia ndani ya nyumba ya bati inasoma E (2G, ile ya polepole kabisa). Simu ileile, brauza ileile. Inaposoma 4G hata ukurasa mzito unafunguka, inaposoma E hata ule wa maandishi matupu unazunguka tu. Plagini imeingiaje hapo?

Na kuna jambo ambalo watu wa mikoa mingine hawalijui. Ukienda Manyovu, kule mpakani, simu inaweza kudaka mnara wa Burundi bila wewe kuelewa. Unashangaa intaneti imekata, kumbe uko nchi ya watu. Ingia kwenye mipangilio, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, chagua laini yako mwenyewe.

#5 Binti Ujiji

Shikamoo Mzee wa Reli. Naomba nikupinge kwa adabu.

Nyumbani tuna simu mbili, yangu na ya kaka, zote zinavuta hotspoti moja, tumekaa kochi moja. Yangu ina kizuia matangazo, yake haina. Tukifungua habari moja wakati mmoja, yangu inatulia mapema na ninasoma. Ya kaka inaleta kichwa cha habari, inaleta picha, halafu maandishi yanashuka chini kwa sababu tangazo limeingia juu yake, anasogeza, linaingia jingine. Mbaya zaidi ni kwenye kupakua faili. Anataka kugusa neno "Pakua", kidole kiko hewani, tangazo linasukuma kila kitu chini, kidole kinatua kwenye kubeti. Ukurasa mpya unafunguka, bando linaenda, anarudi nyuma kuanza tena.

Mnara ni mmoja, hotspoti ni moja. Sasa tofauti imetoka wapi?

#6 Mzee wa Reli

Marahaba binti. Simu zenu zinalingana RAM?

#7 Binti Ujiji

Yake ndiyo yenye RAM kubwa.

#8 Nzega Mjini

😂 Mzee kashikwa. Ila naongeza langu: siku matokeo yanapotoka, ule ukurasa hauna tangazo hata moja na bado haufunguki. Wenye simu za bei mbaya hawaupati, wenye kompyuta za ofisini hawaupati. Hapo siyo RAM, siyo matangazo, siyo mnara. Ni seva inayogongwa na nchi nzima kwa saa moja. Kwa hiyo tuongeze mtuhumiwa wa nne.

#9 Mkongwe wa Kafe

Naona vijana mnasema plagini kwa kila kitu. Kuna mambo mawili hapa na yana tabia tofauti kwenye simu.

Plagini za zamani zilikuwa programu kamili zilizopachikwa ndani ya brauza: Flash, Java, Silverlight. Waliopita kafe za intaneti wanakumbuka kile kisanduku cha kijivu katikati ya ukurasa kinachokudai uweke Flash ndipo uone video. Ilikuwa inafanya kazi zake nje ya utaratibu wa brauza, inakula prosesa na betri, na mashimo yake ya usalama hayakuwa na mwisho. Flash ililetwa kwenye Android mwaka 2010. Novemba 2011 Adobe, wenye Flash, wakatangaza kwamba hawaiendelezi tena upande wa simu, na Agosti 2012 ikaondolewa dukani Google Play. Kwenye kompyuta iliendelea kusuasua mpaka tarehe 31 Desemba 2020.

Mnazotumia leo ni nyongeza. Zimeandikwa kwa lugha zilezile zinazoandikiwa kurasa, na brauza ndiyo inayoziruhusu nini ziguse na nini zisiguse. Ni nyepesi kuliko Flash, lakini zote zinagawana RAM moja na kurasa unazofungua.

Nimeeleza hili kwa sababu Fundi Gungu yuko sahihi kuhusu RAM na Binti Ujiji yuko sahihi kuhusu matangazo. Nyongeza moja inaweza kupunguza kazi ya simu, nyingine ikaiongeza. Ukiziweka kapu moja, mtabishana mpaka kesho.

#10 Kasulu Original

Flash iliuawa na Apple bana. Steve Jobs aliikataa isiingie kwenye iPhone, wengine wakafuata.

#11 Mkongwe wa Kafe

Aliikataa, na Aprili 2010 aliandika waraka wa wazi kueleza sababu zake: betri, usalama, na kwamba kurasa nyingi za Flash zilitengenezwa kwa ajili ya kipanya, siyo kidole. Lakini Android ilipewa nafasi ya kuthibitisha kinyume na ikashindwa. Simu za wakati ule zilikuwa hazina nguvu za kuibeba. Aliyeimaliza kabisa ni HTML5, toleo jipya la lugha ya kuandikia kurasa: video ikawa sehemu ya ukurasa wenyewe, hakuna haja ya kupachika kitu. YouTube walihamia huko moja kwa moja Januari 2015.

#12 Kasulu Original

Bado nasema Apple ndio walioanza. Asiyeanza hamalizi.

#13 Mama Shamba Urambo

Mimi sijui hayo ya plagini. Natumia Opera Mini toka enzi za Nokia ya vitufe mpaka leo. Bei za tumbaku, habari, mpira, vyote naviona hata mtandao ukisoma E. Bando dogo linanifikisha mwisho wa wiki. Kwa nini mnajitesa?

#14 Fundi Gungu

Mama Shamba ana hoja, na sababu yake iko hivi. Opera Mini, iliyotoka dunia nzima mwaka 2006, haivuti ukurasa moja kwa moja. Seva zao ndizo zinazouvuta, zinaukamua, zinakutumia kilichobaki. Kazi nzito inafanyikia kule, simu yako inaonyesha tu. Ndiyo maana iliweza kuishi kwenye simu za Java zenye kumbukumbu ndogo sana.

#15 Isevya Tech

Ngoja niweke tahadhari, maana Kijana wa Mwanga anajaza fomu za watu.

Kwenye Opera Mini, ukichagua ule ubanaji wa juu kabisa, ukurasa unafunguliwa na kusomwa kwenye seva zao kabla haujafika kwako. Maana yake ile siri ya moja kwa moja kati ya simu yako na seva ya benki haipo, inakatikia katikati. Kwa habari na mpira hakuna neno. Kwa namba ya NIDA, nenosiri la mkopo au akaunti ya benki, usitumie hali hiyo. Pia fomu nyingi za siku hizi zinategemea skripti, yaani vijiprogramu vilivyomo ndani ya ukurasa, zinazoendelea kufanya kazi ukiwa unajaza: unachagua mkoa, wilaya zinajileta. Kule kwenye ubanaji wa juu skripti zinapewa muda mfupi tu kwenye seva halafu zinasimamishwa. Utagusa "Kigoma", orodha ya wilaya haiji.

#16 Mama Shamba Urambo

Ahsante mwanangu. Benki nitatumia ile programu yao yenyewe.

#17 Mhandisi wa Uvinza

Naona kambi mbili, mnara na matangazo. Nadhani zinagombania kitu kimoja, nieleze.

Mtandao unaposoma E, shida siyo tu kwamba bomba ni jembamba. Kila ujumbe kwenda na kurudi unachukua muda, tuseme nusu sekunde, mara nyingine zaidi. Kabla hujaona herufi ya kwanza, simu inauliza seva hii anwani yake ni ipi: safari moja. Inafungua muunganisho: ya pili. Wanapatana namna ya kufunga mazungumzo yasisomwe na mtu: ya tatu, na kama seva bado inatumia TLS 1.2, utaratibu wa zamani wa kufunga mazungumzo hayo, ya nne. Sekunde mbili zimekwenda na kioo kiko cheupe.

Sasa ukurasa wa habari wenye matangazo hauiti seva moja. Unaita ya gazeti, ya picha, ya takwimu, ya mnada wa matangazo, ya kufuatilia ulikotoka, na hizo nazo zinaita nyingine. Kila jina jipya linadai safari zake. Kwenye 4G huoni kitu. Kwenye E zinapangana foleni na zinagombania bomba moja na makala unayoitaka.

Kizuia matangazo kinakata hizo safari kabla hazijaanza. Kwa hiyo Mzee wa Reli, mnara ukiwa dhaifu ndipo plagini inapokuwa na faida kubwa zaidi. Na Fundi, RAM inayookolewa kwa kutopakia skripti za matangazo mara nyingi inazidi ile inayoliwa na orodha ya sheria.

#18 Fundi Gungu

Mhandisi ametema madini. Ila hapo pa mwisho sikubaliani. Inategemea ukurasa. Ukifungua gazeti lenye matangazo mengi, sawa, unapata faida. Lakini fomu ya mkopo haina matangazo, na kizuia matangazo bado kimekaa kwenye RAM na orodha yake yote. Unalipa gharama bila kupata kitu. Na kazi ya mtoa mada ni fomu, siyo magazeti.

#19 Mhandisi wa Uvinza

Nusu ya kurasa anazofungua ni za nafasi za kazi, na zile zimejaa matangazo mpaka kwenye ukingo. Tungepata kipimo cha simu yake ndipo tungejua.

#20 Asali ya Sikonge

Wataalamu wanapimana ubavu, sisi tunanufaika. Mhandisi, Uvinza siku hizi chumvi inaendeleaje?

#21 Mhandisi wa Uvinza

Chumvi ipo ndugu yangu. Lete asali tubadilishane.

#22 Dagaa wa Katonga

Watu wa Tabora kwa asali hatuwapingi, ila intaneti waachieni watu wa ziwani 😄

#23 Nzega Mjini

Intaneti inayodaka Burundi hiyo? Baki nayo.

#24 Fundi Gungu

Turudi kwenye mada. Kuna tatizo dogo ambalo watu wanaliletea lawama brauza na plagini, na mimi nakutana nalo kila mara mezani kwangu. Mteja anasema kila ukurasa unamwandikia kwamba muunganisho siyo salama. Ameshafuta brauza, kaweka nyingine, kaondoa plagini zote. Nikiangalia juu ya kioo, tarehe ni ya miaka ya nyuma kabisa, kwa sababu betri ilikwisha kabisa au ilibadilishwa, na saa ikapotea. Vyeti vya usalama vya kurasa vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayodhani iko mwaka mwingine inavikataa vyote. Weka tarehe ijirekebishe yenyewe, kazi imekwisha.

#25 Isevya Tech

Nakazia. Na kwa wenye Android za zamani sana kuna jingine: tarehe iko sawa lakini kurasa kadhaa bado zinakataa. Simu inahifadhi orodha ya mamlaka za vyeti inazoziamini, na Android za chini ya 7.1.1 zina orodha ya kale isiyosasishwa. Firefox inakuja na orodha yake yenyewe, ndiyo maana mara nyingine ukurasa unaokataa kwenye brauza nyingine unafunguka huko. Chrome wao waliiacha Android 7 kuanzia toleo la 120, mwishoni mwa 2023. Ukiwa na simu hiyo utabaki na Chrome ya zamani, na kurasa mpya zitazidi kukugomea.

#26 Mwl. wa Igunga

Kuna njia ya kuzuia matangazo bila plagini yoyote, na haigusi RAM ya brauza. Android 9 kwenda juu ina sehemu ya DNS ya faragha (Private DNS) kwenye mipangilio ya mtandao. DNS ndiyo huduma inayoijibu simu anwani ya kila seva. Unaandika jina la seva ya DNS inayozuia matangazo, mfano dns.adguard-dns.com, basi. Simu ikiuliza anwani ya seva ya tangazo, inajibiwa kwamba haipo. Inafanya kazi kwenye brauza zote, Chrome pia, ambayo kwenye Android haikubali nyongeza. Hata matangazo mengi ndani ya programu nyingine yanapungua.

Kwa simu ya GB 2 mimi ningeanza na hii.

#27 Kijana wa Mwanga

Mwalimu shukrani, hii naijaribu usiku huu.

#28 Isevya Tech

Ni nzuri, ila jueni mipaka yake. Inazuia kwa jina la seva tu. Tangazo likitoka seva ileile ya maudhui, kama YouTube, halizuiliki. Nafasi iliyokuwa ya tangazo mara nyingine inabaki wazi, boksi tupu. Na ukiunga waifai ya hotelini au stendi inayodai uingize namba kwanza, ukurasa wa kuingilia unaweza usije mpaka uizime. Pia maswali yako yote ya anwani sasa yanapita kwa mwenye hiyo seva, kwa hiyo chagua unayemwamini.

#29 Sauti ya Kasulu

Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa naomba niseme, maana naumia.

Mimi nina blogu ya habari za wilaya zetu, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko. Bei za mahindi na maharage, barabara iliyokatika, mkutano wa kijiji. Hakuna gazeti la Dar litakaloleta hizo. Nalipia jina la tovuti, nalipia hifadhi, bodaboda ya kwenda kwenye tukio nalipa mwenyewe. Kinachorudi ni matangazo, na ni kidogo. Kila anayeweka kizuia matangazo anasoma kazi yangu na mimi sipati kitu. Nikiacha kuandika, habari za Kakonko zitasomwa wapi?

#30 Binti Ujiji

Pole kaka. Kwa kweli sikuwahi kulitazama upande huo. Lakini na mimi bando nanunua. Ukurasa wa kawaida wa siku hizi kwenye simu unapita MB 2, na nyingi ya hizo siyo maandishi yako. Nikisoma habari yako ya maharage nalipia na video ya kubeti ambayo sikuiomba.

#31 Mhandisi wa Uvinza

Sauti ya Kasulu, kizuia matangazo kina kitufe cha kukizima kwa tovuti moja tu. Gusa mara moja, tovuti yako inaruhusiwa daima. Mimi nitairuhusu yako. Na wewe kwa upande wako punguza: ondoa yale yanayofunika kioo kizima na yanayosukuma maandishi. Hata Chrome yenyewe, toka 2018, inazuia matangazo kwenye tovuti zinazozidisha kero za namna hiyo. Ukibaki na moja juu na moja chini, watu wa huku watakuvumilia.

#32 Sauti ya Kasulu

La kufunika kioo nitaliondoa. Lakini jueni hayo ndiyo yanayolipa vizuri kidogo.

#33 Dagaa wa Katonga

Mkuu weka tangazo la dagaa wangu hapo juu, nalipa mwenyewe, halina skripti wala nini. Picha moja na namba ya simu.

#34 Sauti ya Kasulu

Nakuja PM sasa hivi. Hilo ndilo tangazo ninalolitaka.

#35 Kaliua Stesheni

Kulikuwa na kiokoa data kwenye Chrome, kilikuwa kinapunguza sana. Kimepotelea wapi? Nakitafuta kwenye mipangilio sikioni.

#36 Isevya Tech

Kilifungwa Machi 2022. Google walisema bei za data zimeshuka nchi nyingi na Chrome yenyewe imeboreshwa.

#37 Kaliua Stesheni

Bei zimeshuka wapi? Waje Kaliua.

#38 Mwanaidi Cheyo

Mnasahau kasi ya bando lenyewe. Kuna vifurushi ambavyo ukishatumia kiasi fulani kasi inashushwa, intaneti ipo lakini inatambaa. Mtu anaondoa plagini, anafuta brauza, kumbe ni kifurushi. Soma masharti kabla ya kununua. Kila ukisikia mtu anasema simu yake ni nzuri asubuhi na mbovu jioni, muulize kwanza hilo.

#39 Mzee wa Reli

Sasa mmeanza kunirudia. Mtandao!

#40 Mtoto wa Tongwe

Mimi natumia brauza ya Kiwi, inakubali plagini zote za Chrome ya kompyuta. Mbona hamuitaji?

#41 Isevya Tech

Mwenye nayo aliisimamisha Januari 2025. Haipati tena marekebisho ya usalama, usiitumie kwenye fedha. Kwa plagini kwenye Android sasa hivi Firefox ndiyo pana zaidi. Mwaka 2020 walipoijenga upya walibakiza nyongeza chache sana, watu wakalia, kisha Desemba 2023 wakafungua mlango kwa zaidi ya 400. Edge nayo imeanza kukubali kadhaa.

Na jamani, msipakue brauza wala plagini kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp. Hata zilizoko dukani zinaweza kugeuka. The Great Suspender ilikuwa nyongeza ya Chrome yenye watumiaji wengi, kazi yake kulaza kurasa zisile RAM. Ikauzwa kwa mtu mwingine, na Februari 2021 Google wakaiondoa kwa sababu ilikuwa na programu hasidi. Nyongeza inayosoma kila ukurasa unaofungua inasoma na fomu ya mzazi wa Kalinzi. Ndiyo sababu nyingine ya kubaki na chache.

#42 Kijana wa Mwanga

Wakuu nimerudi na majibu.

Nimeondoa ya weusi, ya kutafsiri na ya kushusha video. Simu haichemki tena kama mwanzo, na kusoma namba kwenye arifa kumesaidia. Fundi Gungu, hapo kura yako.

Lakini fomu bado inaanza upya sehemu moja: mteja anapotakiwa kuweka picha ya pasipoti na mimi nikafungua kamera kupitia fomu yenyewe. Kamera ikifunguka, nikibonyeza sawa, narudi ukurasa mweupe. Hii ipo hata nikizima kizuia matangazo kabisa.

Mzee wa Reli naye asicheke: kuna fomu moja imegoma kutuma, kiduara kinazunguka, nikatoka nje ya duka, mtandao ukapanda toka E, ikaenda hapohapo.

Na kizuia matangazo nacho kina kesi. Tovuti moja ya ajira, kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe siyo roboti hakikutokea kabisa. Nilipokizima kwa tovuti ile, kikaja.

DNS ya mwalimu inafanya kazi, magazeti yanafunguka karibu sawa na ilivyokuwa na uBlock. Naona bora hii kwa fomu na ile kwa kusoma, ila sijashawishika kwamba tumempata mkosaji.

#43 Fundi Gungu

La kamera ni RAM tena. Kamera ni moja ya programu zinazomeza kumbukumbu kuliko zote, brauza haiwezi kupona. Piga picha kwanza, ikate ukubwa, ihifadhi, ndipo ufungue fomu na kuichagua kutoka kwenye faili.

#44 Mhandisi wa Uvinza

Au fomu yenyewe imeandikwa vibaya. Fomu nzuri inahifadhi ulichojaza kila hatua, ukirudi unakikuta. Kwa nini tunalaumu simu ya mwananchi wakati aliyeandika fomu alikuwa na kompyuta ya kisasa na waifai ya ofisini?

#45 Nzega Mjini

Mtuhumiwa wa sita huyo. Au wa saba?

#46 Mwanaidi Cheyo

Mhandisi kasema kweli tupu. Wangejaribu fomu hizo kwa simu za GB 2 huku Tabora kabla ya kuzifungua kwa watu.

#47 Kasulu Original

Kwenye iPhone je? Nimeona rafiki ana Chrome na Firefox, ila plagini hakuna.

#48 Mkongwe wa Kafe

iPhone brauza zote kwa huku kwetu zinatumia injini moja ya Apple ya kuonyeshea kurasa, WebKit, hata ukiweka Chrome ndani ni hiyohiyo. Vizuia matangazo viliruhusiwa kwenye Safari toka iOS 9, mwaka 2015. Mfumo wao uko tofauti: kizuiaji kinaikabidhi Safari orodha ya sheria, na Safari inazuia yenyewe, kizuiaji hakisomi kurasa zako. Nyongeza kamili zilikuja na iOS 15, mwaka 2021. Mwambie atafute za Safari, za Chrome hatazipata.

#49 Kaliua Stesheni

Swali la pembeni. Wiki ijayo nasafiri kwa treni kwenda Kigoma, nina mtihani wa chuo na nataka kusoma njiani. Nikishapita hapa mpaka Nguruka simu yangu mara nyingi inakuwa haina kitu. Kuna plagini ya kusoma bila mtandao?

#50 Mwl. wa Igunga

Huhitaji plagini. Kwenye Chrome fungua ukurasa, gusa nukta tatu juu, halafu ile alama ya mshale wa kushuka. Ukurasa unahifadhiwa, utaukuta kwenye vipakuliwa. Fanya hivyo ukiwa na mtandao mzuri, na subiri ukurasa umalize kupakia kabla ya kugusa, la sivyo picha na michoro hazitakuwemo. Kama notisi ziko kwenye PDF, pakua faili yenyewe, usitegemee kuiona ndani ya brauza.

#51 Kaliua Stesheni

Ahsante mwalimu. Naanza leo.

#52 Binti Ujiji

Kuna aliyejaribu Edge na kizuia matangazo kwenye simu ya GB 2? Kaka amekubali kubadilika lakini anagoma Firefox.

#53 Fundi Gungu

Ninayo simu ya mteja hapa mezani ya ukubwa huo, ameniruhusu kuijaribu. Nikishamaliza kioo chake nitaiweka na kuwaletea jibu.